Usichanganye dawa na uji wa mgonjwa

Huenda una mgonjwa nyumbani aliyepatwa na kiharusi na hawezi kumeza. Hospitalini alitiwa mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni, na sasa wewe ndiwe unayemlisha uji na maziwa kwa mpira huo. Saa ya dawa ikifika unasaga vidonge, unavikoroga katika uji na kumaliza kazi mara moja.

Hapo pana hatari. Chukua mfano wa fenitoini, dawa ya kuzuia kifafa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka wa 1982 ulionyesha kuwa chakula cha mpirani huizuia dawa hii kuingia damuni inavyopasa. Mgonjwa anapewa kipimo kamili, lakini kifafa kinamrudia, na jamaa wanaanza kumtafuta mchawi.

Ufanyeje? Mwombe daktari akupangie saa. Kwa kawaida chakula husimamishwa saa moja au mbili kabla ya fenitoini, na muda kama huo baadaye. Ikiwa ni dawa ya maji, tikisa chupa vizuri, maana dawa hutuama chini. Safisha mpira kabla na baada ya dawa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mililita 30 hivi, yaani vijiko sita vya chai, ila kama daktari amempunguzia mgonjwa maji. Kila dawa ipite peke yake.

Wala usisage kila kidonge. Vingine vimetengenezwa vitoe dawa polepole kutwa nzima. Ukivisaga, dawa yote huingia mwilini kwa mkupuo. Muulize mfamasia kama iko ya maji.

Siku mgonjwa atakapoanza kula kwa kinywa, mjulishe daktari. Ikiwa kipimo kilikuwa kimeongezwa kwa sababu ya mpira, sasa huenda kikamzidi. Utamwona akipepesuka, macho yakimchezacheza, au akisinzia ovyo.

Usiongeze dawa wala kuipunguza kwa shauri lako. Andika katika daftari saa za chakula na saa za dawa. Kifafa kikirudi, mpeleke mgonjwa hospitalini hima, na daftari hilo ulichukue. Huenda likamfumbulia daktari kitendawili ambacho mchawi hana habari nacho.