Mafua, Pumu na Haraka ya Kuhukumu

Mtoto wa mwaka mmoja hushikwa na mafua. Siku ya tatu kifua huanza kutoa sauti kama mluzi, na mbavu hubonyea kila avutapo pumzi. Miaka mitano baadaye daktari asema ana pumu. Wazazi hukata shauri: yale mafua ndiyo yaliyomtia pumu. Lakini jambo kulitangulia jingine si ushahidi kwamba ndilo lililolizaa.

Njia za hewa za mtoto mchanga ni nyembamba mno, hata uvimbe mdogo na makamasi machache hutosha kuzibana. Kwa hiyo watoto wengi hutoa mluzi huo pasipo kuwa na pumu. Huko Tucson, Marekani, watoto 1,246 waliandikishwa na kufuatiliwa tangu kuzaliwa, kati ya mwaka 1980 na 1984. Taarifa ya mwaka 1995 ilionyesha kuwa wengi wa waliopata mluzi kabla ya kutimiza miaka 3 walikuwa wamepona walipofika miaka 6.

Hata hivyo, wako wasiopona. Watafiti wa Wisconsin walieleza mwaka 2008 kwamba, miongoni mwa watoto ambao wazazi wao wana pumu au mzio, wale waliobanwa kifua kwa rainovirusi (navyo ni virusi vya mafua ya kawaida kabisa) walikuwa na uwezekano wa kupata pumu takriban mara 10 kuliko wenzao. Je, virusi viliharibu kifua kizima, au vilifichua kifua kilichokwisha kuwa dhaifu? Kuhesabu wagonjwa peke yake hakujibu swali hili. Sharti virusi vizuiwe, kisha watu wangoje.

Waholanzi walifanya hivyo kwa virusi vingine, RSV. Watoto 429 waliozaliwa kabla ya wakati waligawanywa. Baadhi walidungwa kingamwili, wengine sindano isiyo na dawa. Mwaka wa kwanza siku za mluzi zilipungua kwa zaidi ya nusu. Walipopimwa wakiwa na miaka 6, nguvu ya mapafu ilikuwa sawa kwa makundi yote mawili.

Basi ni mapema mno kuyatwika mafua lawama yote. Lakini lipo kosa baya zaidi: kumpa kila mtoto mwenye mluzi dawa za kuua bakteria, ambazo haziwezi kuua virusi, na kulikwepa jina la pumu hata kwa yule anayerudi zahanati mara kwa mara, hata akakosa dawa ya kuvuta. Jina hilo huogopwa bure. Mafua huambukizwa, pumu haiambukizwi, wala mwanafunzi mwenye pumu hana sababu ya kutengwa na wenzake.