MGENI APEWE JEMBE

Kila asomaye magazeti na vitabu vya Kiingereza hukutana na maneno ya Kifaransa yaliyopachikwa humo kama yalivyo: "fait accompli", "raison d'être", "vis-à-vis". Wako wasemao kwamba hayo ni mapambo ya lugha. Sisi twauliza: pambo hilo lamfaa nani?

Hatusemi kwamba kuazima ni kosa. Hakuna lugha isiyoazima, na Kiswahili chetu ni shahidi. William wa Normandy alipoishinda Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana, na baadaye kikawa lugha ya mabaraza ya sheria. Mchungaji alimtaja ng'ombe wake kwa Kiingereza, lakini nyama ilipofika mezani kwa bwana iliitwa kwa Kifaransa, na ndilo neno "beef" la leo. Hata maneno ambayo Waingereza huyatumia kwa serikali, haki na kodi yalitoka huko. Yameishi na watu na kuwatumikia, hata hakuna ayaonaye kuwa mageni. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maneno hayo yamelishika jembe.

Lawama yetu ni juu ya maneno yanayowekwa mlangoni kama kufuli. Mwaka 1362 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu raia walikuwa wakishtaki na kushtakiwa bila kufahamu yaliyosemwa juu yao. Ajabu ni kwamba sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Wanasheria nao hawakuiacha lugha yao upesi. Ilihitajika sheria nyingine, ya mwaka 1731, kukifanya Kiingereza peke yake kuwa lugha ya mahakama. Mtu hawezi kujitetea kwa neno asilolijua.

Waingereza wenyewe wameliona jambo hili. Mwaka 1946 mwandishi George Orwell alishauri kwamba neno la kigeni lisitumiwe ikiwa lipo la kila siku linalotosha. Shauri hilo ni jema, lakini kufuli bado zipo. Mikataba mingi ya Kiingereza ina maneno "force majeure", yaani janga lisilozuilika, ambalo humwondolea mtu lawama ya kutotimiza ahadi. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea, wengi walitambua kwamba haki yao ilikuwa imefungwa ndani ya maneno hayo mawili. Aliyeyaelewa alijua la kudai. Asiyeyaelewa aliambiwa tu kwamba mkataba ndivyo usemavyo.

Kwa hiyo tusilipime neno kwa nchi lilikotoka, bali kwa kazi linayofanya. Likimfikishia mfanyakazi maana, ni neno letu sote. Likimwacha nje, hata likiwa tamu masikioni, ni chombo cha wachache. Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021, ilifuata haki ile ile iliyodaiwa Uingereza mwaka 1362. Lakini lugha ya wananchi nayo yaweza kujazwa maneno ya kuwatisha wananchi. Yatupasa sisi tuandikao barua, matangazo na mikataba tujihadhari. Na mfanyakazi anayepewa karatasi atie sahihi asione haya kuuliza: neno hili maana yake nini?