Diski ya seva ya nyumbani ikigoma kufunguka, usikubali kuifomati

Picha za harusi, video za watoto, mafaili ya kazi: wengi wanavitoa kwenye simu na kuvihifadhi kwenye seva ndogo ya nyumbani, wakiamini viko salama. Mpaka siku diski inagoma kufunguka.

Kosa kubwa hutokea hapo. Unaichomoa, unaichomeka kwenye kompyuta ya Windows, na ujumbe unakutaka uifomati kwanza. Usikubali! Seva nyingi za aina hii zinatumia Linux, na Windows kwa kawaida haisomi mpangilio wake wa mafaili. Yaani diski inaweza kuwa nzima, ila kompyuta haiielewi.

Ufanyeje? Zima seva, usiandike chochote kipya. Nakili diski nzima kwenye diski nyingine kwa programu ya bure kama GNU ddrescue, kisha fanyia majaribio nakala hiyo. Ikiwa diski inagonga-gonga, usiiwashe tena, mpelekee fundi wa kurejesha data.

Na diski mbili zinazofanana ndani ya seva moja zisikudanganye. Ukifuta faili, linafutika kote.

Juni 2021, watumiaji wa My Book Live ya Western Digital walikuta data zao zimefutwa na wadukuzi kupitia intaneti. Kampuni ilikuwa imeacha kuvisasisha vifaa hivyo tangu 2015. Aliyekuwa na nakala sehemu nyingine hakuwa na haja ya kumtafuta fundi.