Unene wa Herufi si Uzito wa Hoja

Imeingia desturi mbaya katika maandishi ya wasomi wetu. Mwandishi akiona hoja yake imelegea, huzinenepesha herufi. Hukoleza sentensi moja, kisha ya pili, kisha aya nzima, mpaka ukurasa ukawa mweusi kama masizi ya chungu. Nasahihisha insha za wanafunzi kila mwaka, nami nathubutu kusema kuwa palipo na weusi mwingi, mara nyingi ushahidi ni haba.

Herufi nene ya kitabuni haikuzaliwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1845, katika kiwanda cha herufi cha Fann Street mjini London, Robert Besley alitoa sura ya herufi iitwayo Clarendon, iliyochongwa na Benjamin Fox. Herufi nene zilikuwapo kabla yake, lakini nyingi zilikuwa za mabango. Zikitiwa kati ya maandishi ya kitabu, zilionekana kama jitu lililoketi katikati ya watoto. Clarendon ilikuja na adabu. Mistari yake ni mizito, lakini haitofautiani mno kwa unene. Vijiti vinavyokata ncha za mistari hiyo, ambavyo wapiga chapa huviita serifu, ni imara, na huungana na nguzo kwa mkunjo laini. Iliweza kusimama mstari mmoja na herufi za kawaida, ikaonekana bila ya kuzisukuma.

Kazi yake ilikuwa kuonyesha. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, iliyoanza kutolewa mwaka 1884, iliyapa maneno yake makuu herufi za namna hiyo, ili jicho literemke safuni na kutua palipotakiwa. Hata katika kamusi zetu za Kiswahili, mwanafunzi atafutaye kitenzi hufaidi unene wa neno lile moja kwa sababu maelezo yanayolifuata ni membamba. Yakinenepa yote, hapana lililo nene.

Yuko atakayenijibu kwamba Clarendon yenyewe ilipanda mabangoni, baada ya haki yake ya miaka mitatu kwisha na viwanda vingine kuiiga. Ni kweli. Lakini bango lina maneno machache, na msomaji wake yumo njiani anapita. Msomaji wa insha ameketi, naye ametupa wakati wake. Kumpigia kelele ni kumdharau.

Wala hasara si ya macho peke yake. Karatasi ya dawa ikikolezwa yote, onyo la sumu halionekani. Mkataba ukikolezwa wote, sharti gumu hujificha mbele ya macho ya mpangaji. Na insha ikikolezwa yote, msomaji hunyimwa haki ya kupima mwenyewe lipi zito na lipi jepesi.

Basi mwandishi na akoleze neno linalotafutwa, na mengine ayaache yajitetee kwa ushahidi. Wazee walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.