"Tutakupigia simu": vijana wa Buhigwe na ajira za maduka makubwa

Wazee wa Buhigwe na Kasulu hawahitaji kufundishwa maana ya kipande. Waha wengi walichukuliwa na SILABU, wakala wa wenye mashamba ya mkonge iliyoundwa mwaka 1944, wakawa manamba huko Tanga. Kila siku ya kazi ilitiwa alama kwenye kadi, mpaka zitimie 30.

Wajukuu wao leo wanatafuta kazi ya kuuza na kupanga bidhaa katika maduka makubwa ya Kigoma mjini, Mwanza na Dar es Salaam. Swali limebaki lile lile: nani ni mfanyakazi, na nani ni wa kuitwa akihitajika?

Ndugu msomaji, mwenye duka naye tusimdhulumu. Wateja hufurika mwisho wa mwezi na kuelekea Iddi, kisha kaunta hulala. Kumweka kila mtu kwa saa 45 za wiki, ambazo ni kikomo cha saa za kawaida katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwaweza kumfilisi. Uchumi ilipofunga matawi yake ya Tanzania mwaka 2015, wa kudumu na wa muda walitoka mlango mmoja.

Basi kazi ya saa chache si dhuluma. Dhuluma ni hila. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki humfikia aliyetimiza miezi 6, na wapo waajiri wanaomtoa kijana mwezi wa 5 kisha wakamrudisha kwa mkataba mpya. Hawajui, au wanajifanya hawajui, kwamba kifungu cha 35 kinahesabu miezi ya mwajiri yule yule, iwe ya mkataba mmoja au zaidi.

Vyama navyo havina budi kujiuliza. TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, hutambuliwa kuwa msemaji pekee mezani pale tu kinapowakilisha walio wengi. Chama kikiwaona wa muda kuwa wapita njia, siku watakapozidi nusu kitakosa kiti.

La maana ni mkataba wa pamoja utaje saa za chini kwa wiki, ratiba itolewe mapema, na nafasi ya kudumu ikipatikana wa muda atangulizwe. Wanazuoni wa fiqhi, katika mlango wa ijara, wameshurutisha ujira ujulikane, na kazi au muda wake ujulikane. Aliyeambiwa "tutakupigia simu" anajua lipi?

Manyovu na Muyama duka ni la mtu na msaidizi wake, chama hakipo. Lakini sheria haingoji chama: mwajiri anatakiwa kumwandikia hata mfanyakazi mmoja aina ya kazi, saa na ujira wake. Mzazi anayemsindikiza mwanawe stendi na aiulizie karatasi hiyo kabla basi halijaondoka.