Sauti ya Schwarzkopf na Kadi ya Chama

Elisabeth Schwarzkopf alipofariki nchini Austria tarehe 3 Agosti 2006, akiwa na umri wa miaka 90, taazia zilizoandikwa kumhusu zilivuta pande mbili. Kulikuwa na zile zilizomlilia mwimbaji wa soprano aliyehesabiwa miongoni mwa magwiji wa karne ya 20, na zile zilizotanguliza kadi yake ya chama cha Nazi. Mvutano huo unamhusu mwanafunzi wa fasihi moja kwa moja, kwani swali lililomo ni lile lile la mhakiki: je, sanaa ipimwe pamoja na maisha ya msanii, au iachwe isimame peke yake?

Schwarzkopf alizaliwa mwaka wa 1915 katika mji wa Jarotschin, ambao leo umo Poland. Babake, aliyekuwa mwalimu, alipoteza cheo chake mwaka wa 1933 kwa kukataa Wanazi wafanye mkutano shuleni mwake. Binti wa mwalimu huyo huyo aliingia chamani mwaka wa 1940, miaka miwili baada ya kuanza kuimba katika jumba la opera la Berlin. Vita vilipokwisha alikana. Ni mapema katika miaka ya 1980 ndipo mwanahistoria wa Vienna, Oliver Rathkolb, alipoianika habari hiyo, naye Schwarzkopf akajitetea kwamba kuingia chamani kulikuwa sawa na kujiunga na chama cha wafanyakazi.

Utetezi huo ni dhaifu. Hata hivyo, wanaoutumia udhaifu wake kuifuta kazi yake yote hawajaisikiliza. Umahiri wa Schwarzkopf ulikuwa katika neno. Alipoimba mashairi ya Goethe na Mörike yaliyotiwa muziki na Hugo Wolf, kila silabi ilipewa uzito wake na kila kituo maana yake. Waliomkosoa walisema amezidisha madoido, na pengine hawakukosea sana. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili, anayejua kwamba shairi ni la kuimbwa, anaweza kujifunza mengi hapo. Umahiri huo ndio uliomfanya mke wa Jemadari katika opera ya Richard Strauss, Der Rosenkavalier, aonekane mwanamke halisi anayeutazama ujana wake ukimponyoka.

Wapo wanaomlinganisha na Lotte Lehmann, soprano mwingine wa Kijerumani aliyesifika kwa uhusika huo huo. Lehmann alihamia Marekani mwaka wa 1938, na kwa miaka mingi alisimulia jinsi alivyoikataa ahadi nono ya Göring. Ulinganisho huo ungekuwa mtamu, lau Michael Kater hangechapisha wasifu wake mwaka wa 2008 na kuonyesha kwamba Lehmann alijadiliana na Göring kwa hamu, na kwamba simulizi ile ilipambwa baadaye. Si haki kuwaweka wawili hao katika mizani moja, maana mmoja aliingia chamani na mwingine hakuingia. Lakini wote wawili wanathibitisha kwamba tawasifu ni utanzu wa kubuni kuliko inavyokiri, na anayetaka kumhukumu msanii kwa kutegemea masimulizi yake mwenyewe amejenga juu ya mchanga.

Basi rekodi isikilizwe, na kadi ya chama itajwe katika ukurasa ule ule unaoisifu. Kuificha kadi ni kurudia uongo wa Schwarzkopf kwa niaba yake. Wanaotaka rekodi zitupwe nao wana kazi ya kueleza jambo moja. Mwaka wa 1965 Schwarzkopf alirekodi nyimbo nne za mwisho za Strauss mjini Berlin, rekodi ambayo wengi huiona kuwa kilele chake. Aliyeongoza okestra ni George Szell, mzaliwa wa Budapest wa ukoo wa Kiyahudi, ambaye vita vilipozuka mwaka wa 1939 alibakia Marekani.