Konokono katika Sanduku la Samaki

Juma hili twajibu swali tuliloulizwa na mwanafunzi mmoja: je, konokono aweza kusafisha kioo cha sanduku la samaki? Ndiyo, aweza. Lakini konokono huyo atoke wapi? Hilo ndilo swali kubwa, nasi tulijifunza jibu lake kwa majuto.

Twakaa Uvira, kando ya ziwa Tanganyika. Miaka michache iliyopita tuliweka nyumbani mwetu sanduku la kioo la lita 40, na ndani yake samaki wadogo wa ziwani. Baada ya majuma machache kioo kikafunikwa na utando wa kijani. Basi tukamwita mwana wetu wa kwanza: «Yozefu, nenda kijitoni ukatuletee konokono.» Akaitika: «Ndiyo, baba.» Akavua viatu, akaingia majini hata magotini, akarudi na konokono kumi. Siku chache tu kioo kikatakata, nasi tukajisifu mbele ya jirani.

Miezi ikapita, mtoto akaanza kuumwa tumbo, na choo chake kikawa na damu. Hospitalini wakapima choo, wakaona mayai ya mdudu wa kichocho. Akapewa dawa iitwayo prazikwanteli, akapona. Mama yake alituuliza neno moja tu: «Baba Yozefu, nani alimtuma majini?» Labda mtoto alikuwa ameoga huko siku nyingine pia. Hata hivyo hatukuwa na la kujibu, maana tuliyemtuma ni sisi.

Tusikilize sasa jinsi ugonjwa huu unavyotembea. Mdudu wake aligunduliwa Kairo mwaka 1851 na mganga Mdachi, Theodor Bilharz. Mgonjwa akienda haja karibu na maji, mayai ya mdudu huingia majini na kuanguliwa. Vidudu vinavyotoka humtafuta konokono wa namna fulani, vikaingia mwilini mwake na kuongezeka humo. Majuma machache baadaye hutoka wengi mno, wadogo hata macho hayawaoni, nao hupenya ngozi ya mtu aliye majini kwa dakika chache. Konokono anayebeba kichocho cha tumbo huitwa Biomphalaria. Gamba lake ni bapa, limeviringika kama kamba iliyokunjwa chini. Anayebeba kichocho cha mkojo huitwa Bulinus. Lakini mtu asiyezoea kazi hiyo asitegemee macho yake kuwatambua.

Ona basi upumbavu wetu: tuliwaleta konokono wale nyumbani, na kila siku mikono yetu iliingia katika maji yao! Tulipofahamu jambo hilo, tuliwamwagia maji yanayochemka, na jamaa yote ikaenda kupimwa.

Je, tuache kufuga konokono? Hapana. Konokono hurithi gamba la wazazi wake, lakini kichocho hakirithi. Aliyeanguliwa nyumbani, katika maji safi yasiyofikiwa na uchafu wa watu, hana mdudu huyo. Kwa hiyo mwombe konokono kwa mtu ambaye konokono wake wamezaana nyumbani, kizazi baada ya kizazi. Usimtoe kijitoni, wala mferejini, wala bwawani. Maji ya bomba yaache wazi usiku kucha, dawa yake ipate kutoka. Maji mengine yaweke siku mbili katika chombo kisicho na konokono, maana vidudu vilivyokosa mtu wa kumwingia hufa katika muda huo.

Kwa lita 40, konokono watatu au wanne wanatosha. Ulimi wao una meno mengi madogo sana, nao hukwangua utando kama seremala apigavyo randa. Watilie kipande cha ganda la yai lililooshwa, wapate chokaa ya kujengea gamba. Dawa ya samaki yenye shaba usiitie kamwe, kwani huwaua. Na usidhani konokono atafanya kazi yako yote. Utando wa kijani huletwa na jua la dirishani, mabaki ya chakula na mavi ya samaki. Na konokono naye huchafua. Sogeza sanduku mbali na jua, punguza chakula, na kila juma badili robo ya maji. Ukiona konokono wanazidi mno, ujue chakula kimezidi.

Waliozidi usiwatupe ziwani. Tanganyika ina konokono wake wasiopatikana mahali pengine duniani, kama Neothauma, ambaye magamba yake matupu ni nyumba ya samaki wadogo. Tusiwapelekee wageni wa kugombana nao.

Neno la mwisho ni kwenu wazazi. Mtoto aliyezoea kuingia majini akiumwa tumbo, au akiona damu katika choo au mkojo, mpelekeni hospitali upesi. Msianze kwa kumkemea, akaja kuficha ugonjwa wake kwa hofu. Mwulizeni kwanza kwa upole alikwenda majini kufanya nini. Huenda mkasikia, kama sisi, kwamba alitumwa na baba yake.